Jinsi Kuku wa Mama Neema Alivyofika Kanisa la Kale

Tangu nirudi sijala kwa amani. Nikikaa dukani, swali. Nikienda msibani, swali, tena mbele ya jeneza. Kila mtu anataka kujua Uingereza kulikwendaje na kama ni kweli nilikamatwa na kuku. Sikukamatwa. Nimeamua kuandika mara moja tu, anayejua kusoma awasomee wengine, mniache nipime viazi vyangu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta nukta na mkato akatafute kwa mwalimu mkuu, yeye anazo nyingi na hana kingine.

Kwa asiyejua chanzo: binti yangu Neema ni nesi huko Birmingham. Mwaka jana alipokuwa anajifungua mambo yaliharibika. Simu ikaja kwamba wako chumba cha upasuaji, mtoto yuko hatarini, ombeni. Mke wangu alikuwa na picha kwenye simu yake, Neema amesimama mbele ya kanisa moja la kale la mawe, minara imechongoka kama mikuki, siku aliyokwenda kutembea. Mama Neema akaishika ile picha, akasimama katikati ya akina mama wa kanisa, akaweka nadhiri. Wakitoka salama, kuku wa shukrani atapelekwa kanisa hilohilo la kwenye picha. Hakutaja fedha. Alitaja kuku. Wakatoka salama, mtoto akaitwa Tunu. Halafu magoti ya Mama Neema yakagoma, daktari akamkataza ndege, nikabaki mimi.

Na taratibu zetu mnazijua. Shukrani inapelekwa madhabahuni, watu wanaitikia Amina, ibada ikiisha inatolewa nje kwenye mnada, mtu anainunua. Isipoitikiwa na isiponunuliwa, hiyo si shukrani, ni kuku aliyepotea njia. Siku ya kuondoka Mama Neema hakunipa maneno mengi. Alisema, "Baba Neema, usiponiletea Amina ya watu wale, usinisimulie habari za ndege."

MAKAMBAKO MPAKA DAR

Basi liliharibika kabla hata sijachoka kukaa. Tukashuka, tukasimama kando ya barabara tunakula mahindi ya kuchoma, na kila abiria akajifanya fundi. Kulikuwa na kijana mmoja wa suti, shemeji yake aliwahi kuishi Ulaya, akanipa mafunzo. Akasema baridi ya kule inaua, nivae soksi mbili mbili. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Tanga. Mtu wa Tanga anamfundisha mtu wa Makambako habari za baridi! Sisi asubuhi ya Julai maji ya kunawa tunayaomba ruhusa kwanza.

Dar nililala kwa mdogo wangu, ambaye alitumia jioni nzima kunishauri nisiseme habari za kuku uwanja wa ndege. Sikusema. Na kuku mwenyewe sikuwa naye, maana hata mimi najua kwamba kuku hasafirishwi hivyo. Mpango ulikuwa kumpata hukohuko.

ANGANI

Chakula cha ndege kinakuja kwenye vijisahani vya kuchezea watoto. Dada akaniuliza kuku au tambi. Nikaona ni dalili njema, nikasema kuku. Kilikuja kipande kama kidole gumba, kimelala kwenye mchuzi mweupe kama mgonjwa kwenye shuka. Nikamwambia jirani yangu, mama wa Kihindi aliyekuwa anakwenda kuona wajukuu, kwamba kama huyu ndiye kuku wao, nadhiri yetu itawatisha. Hakunielewa, lakini alinipa biskuti zake.

Kule tulikobadilisha ndege tuliambiwa tusubiri, halafu tukaambiwa tuendelee kusubiri. Nikavua viatu, nikaviweka chini ya kichwa, nikalala sakafuni. Waliokaa kwenye viti walinitazama kwa huruma. Asubuhi wao ndio walikuwa wanashika shingo.

SELLY OAK

Neema anakaa Selly Oak, mtaa wa wanafunzi wa chuo kikuu. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama meno, na kila nyumba ina vijana sita wasiojua siku ya taka ni ipi. Mumewe, kijana wa Kikenya, mpole, wiki hiyo alikuwa kikazi mji mwingine, kwa hiyo tulikuwa mimi, Neema na Tunu. Tunu ana mwaka mmoja na tayari anamwamrisha mama yake. Huyo ni wa kwetu.

Siku ya pili nikauliza tunakwenda lini na kuku tunampata wapi. Neema akaweka kijiko chini. Akasema yeye alidhani mama alisema tu kwa uchungu. Akasema kule watu hawafanyi mambo hayo, tungeweza kutuma mchango kwa simu, kanisa lile linapokea. Akanionyesha. Unabonyeza, fedha inakwenda, kanisa linakujibu asante kabla hujasimama.

Nikamuuliza ni nani aliyeitikia Amina hapo.

"Baba, please," akasema. "Nafanya kazi na watu hawa. Nitakutana nao wodini."

Nikamwambia mimi nilimsomesha kwa viazi, na hakuna siku aliniambia gunia lile lisipite mbele ya rafiki zake. Hapo niliona macho yake yamekuwa mekundu. Nilidhani ni aibu tu. Watoto tukiwasomesha wanajifunza na aibu, iko kwenye karo.

KUTAFUTA KUKU

Sokoni mjini kuku wapo wengi, wote wamekufa, tena wamevuliwa nguo. Muuza nyama mmoja wa Kizanzibari alifurahi kusikia Kiswahili mpaka akaniongezea maini, lakini nilipotaja kuku hai alinisogelea na kushusha sauti kama nimeulizia bangi. "Mzee wangu, hapa hata paka ana daktari wake. Kuku hai humpati dukani. Tafuta Mkongo mwenye bustani."

Mkongo tulikuwa naye nyuma ya nyumba. Papa Dieudonné, mtu wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi miaka mingi iliyopita, na ua wake wote amepanda mchicha na maharage. Kuku anao, banda safi kuliko vyumba vya wale wanafunzi. Akasikiliza habari yangu mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mzee, kuku iko. Lakini ile église, ile kanisa yenye unaenda, batu beko wapi? Mawe tu. Kuya kwetu. Tunaimba mpaka majirani banaita polisi."

Kanisa lao linakutana kwenye ghala lililokuwa duka la matairi. Nilimwambia ningekuja kwa furaha, ila mke wangu ameapa kwa minara, na ghala la matairi halina mnara. Papa Dieudonné, ambaye naye ameoa, alielewa mara moja. Akanichagulia kuku jike mwekundu mwenye afya. Bei hatukuzungumza, alisema hiyo ni yake kwa Mungu.

Nikaanza kumfunga miguu kama kawaida. Neema akapiga kelele kwamba kule huo ni ukatili, mtu anashtakiwa. Akaenda kwa wanafunzi wa jirani, akaazima kisanduku cha kubebea paka, chenye dirisha la waya na kigodoro. Nimesafirisha kuku tangu nina meno ya utoto, sijawahi kumwona aliyepewa godoro.

TRENI YA CROSS CITY

Treni inapita palepale Selly Oak, inaingia chini ya jiji, inatokea upande wa pili, na kanisa letu liko karibu na mwisho wa reli. Mimi nilishika kisanduku, Neema akasukuma kigari cha Tunu kisha akakaa viti vitatu mbele yangu, kama watu tusiojuana.

Ndani ya treni ile hakuna anayeongea. Watu wamejaa, na kimya kama wamefiwa wote kwa pamoja. Nikasalimia. Kijana mmoja akatoa vitu masikioni, akaniangalia, akavirudisha. Basi nikaongea na kuku, naye akajibu.

Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, nywele zimepangwa, mbwa wake amevaa koti, akainama kutazama dirishani. Uso ukamfunguka. Akauliza anaitwa nani. Kiingereza changu ni cha kuuzia viazi, lakini hilo nililielewa. Nikamwambia ni kuku. Akasema ndiyo, anaona, lakini jina lake. Watu wasiosalimiana wao kwa wao wanataka jina la kuku! Nikasema Shukrani, maana ndivyo alivyo. Mama yule akarudia jina mpaka likamkaa, akamtambulisha mbwa wake, akanieleza ugonjwa wa nyonga za huyo mbwa. Alishuka Sutton Coldfield, mahali penye nyumba zenye miti yake binafsi, akampungia mkono kuku. Mimi hakunipungia.

NDANI

Sasa kanisa. Nitasema ukweli hata kama nilikwenda kucheka. Unatembea mtaa mdogo wa maduka ya keki, unapinda kona, halafu lile jiwe linakusimamia mbele mpaka kofia inataka kuanguka. Ukuta mzima wa mbele umejaa sanamu za wafalme na manabii, safu juu ya safu, wengine mvua imewala pua. Mawe yana weusi wa karne nyingi. Nikakumbuka kanisa letu la wamisionari, ambalo sisi wenyewe tulilipaka bluu na nyeupe kwa sababu kampuni ya simu ilitupa rangi ya bure. Nami nilikuwa kwenye kamati. Endeleeni kusoma.

Mlangoni kuna dada mwenye mashine ya kugusisha kadi, kuna duka la vikombe, kuna sehemu ya chai. Yesu alipindua meza za wafanyabiashara, hawa wamezipa vitambaa. Pale ndani akatufuata mama mzee mwembamba, amevaa mshipi wa rangi begani, kazi yake kuwaongoza wageni. Jina lake Jean. Akatazama kisanduku, akauliza paka wetu ni mpole. Neema akafumba macho.

Nilipomfungulia aone, akasema kwa adabu sana kwamba kuku, kwa kweli, hajui. Itabidi aulize. Na wakati anasema hivyo akapita mzee na mbwa mkubwa kama ndama, mbwa analamba sakafu ya kanisa. Nikamwonyesha kwa kidole. Jean akamtazama mbwa, akamtazama kuku, akacheka kidogo. "Well," akasema, kisha Neema akanitafsiria: mbwa wanaruhusiwa, hivyo haoni sababu. Ndivyo kuku wa Papa Dieudonné alivyoingia kanisa la kale, kwa haki ya mbwa.

Jean akatutembeza. Maaskofu wamelala juu ya makaburi yao wamechongwa kwa mawe, mikono imefumbatwa. Alisema zamani kulikuwa na vita, watu wakapigana humuhumu ndani, paa likaanguka, wakajenga upya. Nikasema kwetu tungegombania kiwanja kwanza. Neema hakutafsiri.

Kulikuwa na watalii wanapiga picha dari, hakuna aliyepiga goti. Nikaanza kumpa haki Papa Dieudonné kwamba ni mawe tu. Halafu nikaona pembeni meza ya mishumaa. Akaja kijana, pete puani, nywele kijani, mtu ambaye kwetu mlinzi wa kanisa angemrudisha getini. Akawasha mshumaa mmoja. Akasimama. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaondoka bila kumtazama mtu. Baada yake mwanaume wa tai, naye hivyohivyo. Nikamuuliza Jean kama hao ni waumini wake. Akasema hapana, hawajui, wengi hawaji ibadani kabisa. Wanakuja tu kuwasha. Sikuwa na la kucheka hapo, nikamtazama kuku.

Nikamweleza Jean tumekuja kufanya nini, na Neema akalazimika kuwa mkalimani. Alitafsiri akiangalia sakafu, tena najua alifupisha, maana mimi niliongea sana na yeye akasema kidogo. Lakini Jean alimtazama yeye, si mimi, kwa muda. Akauliza majina. Akaondoka, akarudi, akasema kuna sala ya jioni, tukae.

Sala yenyewe: waimbaji wengi kuliko waumini. Watoto na watu wazima wamevaa kanzu nyeupe, wanaimba kwa sauti nyembamba kama hakuna aliye na tumbo, na sisi tunaosikiliza tumekaa mbali mbali kama tunadaiana. Jean alininong'oneza kwamba hufanywa hivi karibu kila siku, watu wawepo wasiwepo. Kwetu kwaya isipopigwa makofi inasusa mwezi mzima.

Mchungaji akaomba kwa ajili ya mfalme, wagonjwa, sijui nani. Halafu nikasikia, kwa lafudhi ya ajabu: Neema. Na Tunu. Akashukuru kwa uhai wao. Nikasimama na kisanduku, nikatembea mpaka mbele, nikakiweka chini ya ngazi ya madhabahu, nikarudi kukaa. Hakuna aliyenizuia. Waingereza hawakuzuii, wanakusikitikia tu. Mchungaji akamalizia sala yake, na watu wakaitikia Amina.

Amina gani ile! Kama watu wanaosafisha koo. Nikafikiria nitampelekeaje Mama Neema kitu chembamba hivyo. Nikageuka kumwangalia binti yangu, angalau yeye aitikie kama alivyolelewa. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

NJE, KWENYE MAJANI

Mnada nilifanya, kwa hiyo msiulize tena. Watu walipotoka nilisimama kwenye majani mbele ya mlango, nikavua kofia nikaiweka chini, nikamtoa kuku, nikamwinua juu. Nikaita kwa Kiswahili, sauti ileile ninayouzia gulioni. "Nani anamtukuza Mungu na kuku huyu? Kuku wa shukrani ya Tunu, mwenye afya, nani anaanza?"

Wakasimama mbali, wakatabasamu. Mmoja akapiga picha. Kisha mzee mmoja nadhifu akanisogelea polepole, akainama, akaweka sarafu kwenye kofia yangu, akanigusa bega na kuondoka. Mimi! Mwenye Fuso na maghala mawili! Nikamwita arudi achukue sarafu yake, akaongeza mwendo.

Neema akaja akisukuma kigari kwa kasi. Nilijua anakuja kunizima. Akasema, "Mshushe, Baba. Namnunua mimi."

Nikamwambia anajua haiwezekani. Anayetolewa shukrani hanunui shukrani yake, na mama wa mtoto ni yeye. Lazima mtu mwingine apokee.

"Si ya Tunu," akasema. "Tunu walimtoa mzima, alilia hapohapo. Mimi ndiye niliyekuwa nakufa, Baba. Nilimwambia mume wangu awaambie ninyi kwamba ni mtoto, kwa sababu moyo wa mama usingestahimili. Mimi ni nesi, nilikuwa nasikia wanachosema madaktari. Niliziona nyuso zao." Akashika mpini wa kigari. "Na ninyi mnakuja na kuku, mnashukuru kwa Tunu, kila mtu anashukuru kwa Tunu."

Nilibaki nimeinua kuku juu, maana mkono haukujua pa kwenda. Miezi yote ile nimekula, nimelala, nimeuza viazi, na binti yangu amerudi kutoka kaburini hajaambiwa hata karibu.  

Nikageukia wale watu. Nikapaza sauti zaidi, na safari hii sikuita Tunu. Nikasema, "Kuku wa Neema! Binti yangu Neema alikuwa anakufa, yuko hai, amesimama hapa! Nani anamtukuza Mungu?" Kisha nikamwambia Neema atafsiri. Akakataa kwa kichwa. Nikamwambia tena, taratibu, "Mama, tafsiri. Wasikie kwako."

Akatafsiri. Sauti ilianza ndogo, kisha ikapata miguu. Sijui alisema maneno gani ya Kiingereza, ila alisema marefu kuliko yangu, na alisema akiwa ameinua uso. Wale watu waliacha kutabasamu. Anayepiga picha akashusha simu.

Jean ndiye aliyetangulia. Aliinua mkono kama mtoto darasani, akataja kiasi. Mwanakwaya mmoja, ambaye bado alikuwa na kanzu, akapandisha bei. Yule mzee wa sarafu akarudi kutoka kwenye kona, naye akapandisha. Nawaambia nimeuza kuku wengi, sijawahi kuona watu wanaoomba radhi kila wanapompita mwenzao bei. Jean akashinda. Nikamweka kuku mikononi mwake, akamshika vibaya, akauliza sasa afanye nini naye. Nikamwambia kwa mkono: wako. Unakwenda naye, au unampa mtu zawadi.

Alifikiri. Akamchukua yule kuku mwekundu, mabawa yanapiga, mshipi wake umekaa upande, akamweka kifuani kwa Neema. Akasema jambo fupi. Neema alimkumbatia kuku kama anavyokumbatiwa mtoto, akalia pale mbele ya wafalme na manabii wasio na pua, na mimi nikapaza, "Na watu wote waseme."

Walisema. Haikuwa kama kwetu. Ila Neema aliisema kwa sauti ya mama yake, ile inayosikika mpaka barabarani, Tunu akashtuka kwenye kigari.

KURUDI

Treni ya kurudi Neema alikaa kiti cha karibu yangu, kuku mapajani, kisanduku kitupu chini. Nikampigia Mama Neema palepale. Nikamwambia imepelekwa, imeitikiwa, imenunuliwa. Sikumwambia lile lingine. Hilo Neema amwambie mwenyewe, na alishaninyooshea mkono apewe simu.

Lakini kabla sijampa, Mama Neema akauliza, "Na Neema mwenyewe aliitikia?"

Nikasema aliitikia.

"Haya," akasema. "Nipe mwanangu."